Treni ya Saa Mbili Asubuhi: Mwongozo Kamili wa Nairobi–Mombasa na Stesheni za Katikati

Likizo za shule zikikaribia, simu yangu haitulii. Mmoja yuko langoni Syokimau, inakoanzia treni ya Nairobi, na imeshaondoka. Mwingine amelipa ila hana tiketi. Wa tatu ameshuka Voi, pikipiki imempeleka stesheni ya zamani mjini, na mwenyeji wake anamngoja ile mpya. Makosa ni yaleyale kila mwaka, na karibu yote yanatokana na kuichukulia treni kama basi. Basi utalipungia mkono barabarani. Treni hii huwezi.

Nitaeleza safari ya Madaraka Express ile ya asubuhi, Inter-County, ambayo kila siku hutoka Nairobi na Mombasa saa mbili na kusimama stesheni zote za njiani. Mifano mingi nimeitoa upande wa Nairobi. Ukianzia Mombasa hatua ni zilezile, ila unazigeuza.

## Kusanya hivi kwanza

Usibonyeze kitufe chochote cha simu kabla hujaviweka mezani:

- Kitambulisho halisi cha kila msafiri mzima, au pasipoti. Picha ya kitambulisho kwenye simu usiitegemee.
- Nakala ya cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto. Wa chini ya miaka 3 halipiwi kitu, na kuanzia miaka 3 hadi 11 ni nusu nauli. Mtoto wa miaka 10 aliyerefuka kama mlingoti ataulizwa umri.
- Laini ya Safaricom yenye M-Pesa, na pesa ndani yake zinazozidi nauli kidogo.
- Kalamu na karatasi. Majina na namba za vitambulisho yaandike pembeni kwanza, kwa sababu menyu ya simu haikungoji ukipekua mkoba.
- Begi linalofungika vizuri, na kiondo au mfuko wa kitambaa wa chakula. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017.
- Pawabenki, maji, na sweta jepesi.

Nauli ya safari nzima tangu Januari 2024 ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na shilingi 4,500 daraja la kwanza. Anayeshuka njiani hulipa pungufu kulingana na umbali.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni treni ya asubuhi unayoitaka

Kwa kawaida siku ina treni tatu kila upande: ya saa mbili asubuhi, ya saa tisa alasiri na ya saa nne usiku. Inayosimama kila stesheni ni hii ya asubuhi peke yake. Kama unakwenda Kibwezi au Mariakani, hizo nyingine zisahau.

Hapa pana mtego wa saa. Tiketi huandikwa kwa saa za kimataifa: 08:00, 15:00, 22:00. Vijana wa Nairobi wamezoea kutamka "saa tatu" wakiwa na maana ya 15:00, na bibi yao akisikia saa tatu anajua ni saa tatu asubuhi. Nimeona familia imegawanyika hivyo, nusu iko stesheni na mizigo, nusu bado inapika chai. Mkipanga safari kwa simu, taja wakati wa siku na namba iliyoandikwa: "saa mbili asubuhi, imeandikwa 08:00."

Muda wa safari ni kama saa sita, hivyo Mombasa utaingia mnamo saa nane mchana. Za alasiri na usiku hutumia kama saa tano. Mwenye haraka na asiye na haja ya kushuka njiani atapendelea hizo. Mimi kwa saa hiyo moja ya ziada naichagua ya asubuhi, maana nalipwa kwa dirisha. Nitalifikia.

Utajua umefaulu ukiweza kumwambia mwenyeji wako saa ya kutoka na saa ya kufika bila kubahatisha.

## Hatua ya 2: Chagua stesheni ya kushukia kwa akili

Wengi huandika "Mombasa" kwa mazoea tu, kisha wanarudi nyuma kwa matatu kilomita nyingi walizokwisha kuzipita. Kati ya miji hii miwili kuna stesheni saba, na kila moja ina watu wake.

Athi River ipo karibu mno na Nairobi, na anayepanda Syokimau ili ashuke Athi River sijakutana naye. Faida yake ni ya kupandia. Wakazi wa Kitengela na Athi River wenyewe wanaweza kuepuka safari ya kurudi nyuma hadi Syokimau.

Emali ni ya wanaokwenda Kimana na Loitokitok, na wageni wa Amboseli. Barabara ya lami inatoka papo hapo Emali kuelekea kusini.

Kibwezi inawafaa wa Kibwezi na Makindu, na wanaoshika barabara ya Ikutha na Mutomo kuelekea Kitui.

Mtito Andei iko takriban katikati ya njia. Ukiwa na shughuli upande wa mageti ya mbuga za Tsavo, ni hapa.

Voi ndiyo yenye pilikapilika kuliko zote za katikati. Watu wa Mwatate, Wundanyi na Taveta hushuka hapa, na wenye safari ya Moshi pia, kupitia Taveta na Holili. Anayekwenda Moshi akitokea Mombasa hana sababu ya kuzunguka Nairobi.

Miasenyi ni stesheni ndogo baada ya Voi. Usiichague kwa kubahatisha. Hakikisha kuna mtu aliyekuja kukupokea.

Mariakani ndiyo watu wanayoisahau, na inaniuma. Kama unakwenda Kaloleni, Mariakani ndiyo yako. Na kama unakwenda Kilifi, kuna barabara inayotoka Mariakani kupitia Kaloleni hadi Mavueni, mlangoni mwa Kilifi. Ukitumia njia hiyo hulijui foleni la Changamwe wala la daraja la Nyali. Uliza kwanza usafiri wa siku hiyo, lakini iweke kwenye hesabu.

### Tahadhari: stesheni mbili, jina moja

Reli ya zamani ilipita katikati ya miji. Hii mpya imepita pembeni. Nairobi, Voi na Mombasa zote zina stesheni ya zamani na ya SGR, yaani ya reli hii mpya, na hazikai pamoja. Ukimwambia mwenye boda "nipeleke stesheni," atakupeleka anakokujua yeye. Sema "SGR." Neno hilo moja limewaokoa wengi kuliko ramani.

Nairobi pana utata mwingine juu ya huo. Kuna stesheni ya treni za mjini iitwayo Syokimau, iliyofunguliwa 2012, na kuna Nairobi Terminus, ambako Madaraka Express hupandiwa. Zote ziko Syokimau. Si jengo moja.

## Hatua ya 3: Nunua tiketi

Piga *639# kwa laini ya Safaricom, au tumia tovuti ya Shirika la Reli, metickets.krc.co.ke. Dirisha la stesheni lipo, lakini kuelekea Krismasi, Pasaka au wiki ya shule kufungwa, kwenda dirishani asubuhi ya safari ni sawa na kwenda kuaga wenzako.

Menyu itakuuliza treni, tarehe, unakotoka, unakoshuka, daraja, na idadi ya abiria. Kisha majina na namba za vitambulisho. Jibu polepole ukisoma ile karatasi yako.

Sasa yale yanayowaangusha watu:

Jina. Andika lilivyo kwenye kitambulisho. Mtu anaitwa Mwanaisha kwenye kitambulisho, mtaani Mama Salim, na mwanawe aliyemkatia tiketi ameandika Aisha Salim. Langoni atasimamishwa. Tiketi na kitambulisho hulinganishwa na mtu aliyesimama mbele ya askari, na askari hamjui Mama Salim.

Namba ya kitambulisho. Unapowakatia watu watano, ni rahisi kuirudia namba yako kwa wote ili umalize haraka. Usifanye hivyo. Kila mmoja na yake.

Tarehe. Iangalie mara ya pili kabla ya kulipa, hasa ukikata tiketi usiku sana. Saa sita ya usiku ikipita, "kesho" ya kichwani mwako na kesho ya kalenda si moja.

Malipo. Ombi la M-Pesa likitokea, soma jina la anayelipwa na kiasi, ndipo uweke namba ya siri. Ukichelewa, nafasi uliyoshika huachiliwa na mtu mwingine anaichukua. Ndiyo maana nimesema pesa ziwe tayari kwenye simu. Ukianza kumpigia kaka akutumie mia tatu iliyopungua, umekwisha.

Ujumbe. Hili ndilo kosa la mwaka. Ujumbe wa M-Pesa unaosema umelipa si tiketi. Ngoja ujumbe wa pili, wenye taarifa za safari: tarehe, treni, behewa na kiti. Usipofika, usilipe tena kwa hofu. Rudi kwenye menyu uangalie kama tiketi imeandikishwa, na ikikosekana, wapigie huduma kwa wateja ukiwa na namba ya muamala wa M-Pesa mkononi.

Usinunue tiketi kwa mtu anayekuambia ana "nafasi ya ziada" nje ya stesheni. Itakuwa na jina la mtu mwingine, na tumeshaona mambo ya jina.

Utajua umefaulu ukiwa na ujumbe wa pili, na majina yote yanafanana herufi kwa herufi na vitambulisho. Upige picha ya skrini, kisha umtumie mtu mmoja wa nyumbani. Simu huibwa.

Na jambo la viti. Daraja la kawaida lina viti vitatu upande mmoja wa ujia na viwili upande wa pili, vimetazamana, kwa hiyo kuna watakaosafiri wakirudi kinyumenyume. Daraja la kwanza ni viwili kwa viwili, na nafasi ya miguu. Kwa safari ya mchana, daraja la kawaida linatosha mtu yeyote ambaye magoti hayamsumbui. Mzazi wangu mwenye magoti mabovu namkatia la kwanza bila kujadiliana naye, maana nikimwuliza atasema pesa hizo ninunue sukari.

## Hatua ya 4: Funga mzigo ukijua utafunguliwa

Mzigo wako utanuswa na mbwa, utapitishwa kwenye mashine, na huenda ukafunguliwa mbele ya watu. Ufunge hivyo.

Vitu vya kuacha nyumbani:

- Visu, mapanga, makasi makubwa na vifaa vyenye makali
- Mitungi ya gesi, hata ile midogo ya kupikia
- Petroli, mafuta ya taa, viberiti na fataki
- Pombe ya aina yoyote
- Makopo ya kupuliza: dawa ya mbu, rangi, na hata marashi ya mkebe
- Kuku hai na wanyama wengine

Hicho cha kwanza kinanihusu. Nilimnunulia shangazi kisu cha jikoni, kipya, kimefungwa kwenye karatasi yake, nikakitia chini kabisa ya begi kana kwamba mashine ina aibu ya kuchungulia. Kiliishia langoni. Siku hizi visu vya shangazi nanunulia sokoni Kongowea, hukohuko Mombasa.

Chakula kavu hakina shida: chapati, mayai ya kuchemsha, matunda, viazi karai. Mchuzi uache. Treni ikianza kuyumba kidogo utajuta wewe na jirani yako.

Uzito ni suala la busara. Kipimo changu ni kimoja: je, naweza kubeba vyote mwenyewe kwa safari moja, ngazi zikiwemo? Kama hapana, vingine vitume kwa basi la mizigo. Godoro si begi. Gunia la mahindi si begi.

## Hatua ya 5: Fika Syokimau ukiwa na saa nzima na nusu mkononi

Lengo lako ni kuwa langoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Shirika husisitiza abiria wafike angalau saa moja kabla. Mimi naongeza nusu saa, kwa sababu foleni ya mbwa haitabiriki, na milango hufungwa kabla ya treni kuondoka, si inapoondoka. Aliyefika saa mbili kasoro dakika tano ameiona treni, hakuipanda.

Njia za kufika:

Treni ya mjini kutoka Nairobi Central. Ndiyo isiyojali msongamano. Uliza mapema kama ile unayopanda inafika Nairobi Terminus na kwa saa gani, kwa maana nyingine huishia stesheni ya Syokimau niliyokutahadharisha.

Matatu zinazopita Mombasa Road kuelekea Mlolongo, Athi River na Kitengela. Nauli ni nafuu, lakini zinakushusha barabarani. Kutoka hapo ni boda au miguu, na mzigo ni wako. Mwambie makanga "SGR" kabla hujakaa.

Teksi, hasa mkiwa familia. Kupitia barabara ya juu ya Expressway kuna lango la kutokea liitwalo SGR, utalipa ushuru wa barabara lakini unaruka msongamano wote wa chini. Kubaliana na dereva kabla kama ushuru umo kwenye nauli.

Anayetoka Kasarani au Kiambu aondoke nyumbani saa kumi na moja kamili. Najua ni mapema. Mvua ikinyesha, saa kumi na nusu. Mvua ya Nairobi na Mombasa Road ni ndugu, wakikutana hawaachani.

Utajua umefaulu ukilifikia lango la stesheni bado giza linafifia, na una muda wa kuona aibu kwa kufika mapema.

## Hatua ya 6: Pita ukaguzi bila kupoteza mtu wala mzigo

Hapa ndipo wageni huchanganyikiwa. Mpangilio wake ni huu.

Mstari wa mizigo. Nje ya jengo utaambiwa uweke mizigo yako chini, kwenye mstari, kisha usogee kando. Abiria wanasimama mstari wao, mizigo mstari wake. Mbwa hupitishwa. Usiguse begi lako hadi uambiwe, na usimfanyie mbwa mzaha.

Nilisimama siku moja nyuma ya mama aliyekuwa na mfuko wa omena. Mbwa akafika, akanusa, akapita hatua mbili, akarudi. Mama akaanza kujifuta jasho kwa leso, na saa hiyo jua lilikuwa halijatoka. Mbwa akanusa tena kwa makini ya mtu anayechagua sokoni, kisha akaenda zake. Askari hakusema neno. Mama alisema mengi, kwa Kiluo, na nusu ya foleni ikacheka. Omena ziliingia treni. Simulizi hii ni ya kukutuliza: mbwa anatafuta vitu vya hatari, hatafuti kitoweo.

Mashine na upekuzi wa mwili. Mizigo inapita kwenye mkanda, wewe unapita langoni. Toa simu, funguo na sarafu mapema. Kama mpo wengi, mmoja atangulie kupokea mizigo upande wa pili kabla ya watoto kupita. Mabegi meusi yanafanana. Funga kitambaa cha rangi kwenye mkono wa begi lako.

Kuchapa tiketi. Ukiwa ndani, tafuta mashine za kujihudumia au dirisha. Utatumia taarifa za ujumbe wako wa pili kuchapa tiketi ya karatasi. Familia zikikutana hapa mbele ya mashine moja, babu akitafuta miwani, ndipo dakika ishirini hupotelea. Chapa zote wewe, kisha gawa.

Ukaguzi wa tiketi na kitambulisho. Shika vyote viwili mkono mmoja. Kuna ukaguzi mwingine wa mizigo kabla ya ukumbi wa kusubiria, kwa hiyo usiyafunge mabegi kwa kamba tisa.

Ukumbi wa juu. Kaa, nenda msalani, kunywa chai. Tangazo la kupanda likitolewa, foleni hujipanga kwa milango. Tiketi yako itasomwa na mashine mlangoni. Ihifadhi baada ya hapo, utaihitaji ukishuka.

Stesheni ndogo kama Kibwezi au Mariakani zina ukaguzi mfupi zaidi, lakini upo. Fika saa moja kabla hata huko.

## Hatua ya 7: Tafuta behewa lako, si kiti chochote

Tiketi ina namba ya behewa na namba ya kiti. Behewa kwanza. Namba yake imeandikwa ubavuni, na mhudumu husimama kila mlango. Tembea nje kwenye jukwaa hadi ulifikie. Ukiingia mlango wa karibu kwa tamaa, utakokota begi kupitia mabehewa sita yaliyojaa watu wanaopanga mizigo.

Mizigo mizito weka chini au nafasi ya mwisho wa behewa, myepesi juu ya kichwa. Ukikuta mtu kwenye kiti chako, muoneshe tiketi kwa upole. Mara nyingi ni mama aliyetaka kukaa na wanawe waliotupwa behewa lilelile mbali naye. Nikiweza nabadilishana. Dirisha ndilo sibadilishani.

## Hatua ya 8: Kaa upande wenye mambo, na usilale stesheni yako

Ukitoka Nairobi kwenda Mombasa, upande wa kulia ndio wa Kilimanjaro. Asubuhi angavu, kati ya Emali na Kibwezi, utaiona ikielea juu ya mawingu, na vilima vya Chyulu mbele yake. Mawingu yakiwepo hutaona kitu, na hakuna wa kumlalamikia. Kutoka Mtito Andei hadi Voi reli inapita baina ya Tsavo Mashariki, kushoto, na Tsavo Magharibi, kulia. Hapo pande zote mbili zina ndovu, wale wekundu kwa vumbi la udongo wa huko, na reli imeinuliwa sehemu nyingi ili wapite chini. Treni inakwenda hadi kilomita 120 kwa saa, kwa hiyo simu iwe mkononi. Mtoto akipiga kelele "ndovu!" ukaanza kuitafuta mkobani, umeshapita.

Kuna behewa la chakula na vikokoteni vya chai, soda na vitafunio vinavyopita. Bei si za kibandani.

Kwa anayeshuka katikati, treni husimama dakika chache tu. Matangazo hutolewa kabla ya kila stesheni, lakini usingizi wa treni ni mtamu. Fanya hivi: jua stesheni inayotangulia yako. Wa Voi ajue kwamba Mtito Andei ikipita, zamu yake inafuata. Wa Mariakani, Miasenyi ndiyo kengele yake. Treni ikiondoka kwenye stesheni hiyo, teremsha mzigo, vaa viatu, mwamshe mtoto. Ikianza kupunguza mwendo, uwe umesimama karibu na mlango.

Ukipitiliza, usivute chochote wala usigombane. Mwone mhudumu, utashuka stesheni inayofuata na kujipanga kwa matatu kurudi. Ndiyo gharama yake.

## Hatua ya 9: Shuka, na ufike unakokwenda

Mombasa Terminus iko Miritini, bara, si kisiwani. Mwambie hivyo mwenyeji wako, maana wapo watu wa Mombasa wenyewe wanaosubiri kule Mwembe Tayari.

Shika tiketi ya karatasi unapotoka, huenda ikaulizwa. Watakaokupokea kwanza ni joto, kisha madereva. Wa ndani kabisa mlangoni hutaja bei ya juu. Tembea hadi nje eneo la matatu, utapata za mjini kupitia Changamwe na Makupa, na tuktuk za karibu.

Anayekwenda Diani, Ukunda au Msambweni asiingie mjini. Barabara ya Dongo Kundu inaanzia upande huohuo wa Miritini na kukutoa kusini bila kupanda feri ya Likoni. Kama umekodi gari, litaje kwa jina: "tupite Dongo Kundu." Dereva akikuambia feri ni karibu zaidi, muulize karibu kwa nani.

Wa Nyali, Mtwapa na Malindi watapita mjini au kuunganisha njiani, na kama uliisoma Hatua ya 2 vizuri, wa Kilifi hamko nao tena. Mlishuka Mariakani, na saa hii mko Kaloleni mnakula madafu.

## Yakikukuta haya

Umeachwa na treni. Nenda dirishani upesi, uulize nafasi kwenye ya saa tisa alasiri. Kama ulikuwa unashuka stesheni ndogo, uliza kwanza kama itasimama kwako. La sivyo ni basi, na mabasi ya Mombasa yanapita Mombasa Road mchana kutwa.

Simu imezima kabla hujachapa tiketi. Ndiyo sababu ya picha ya skrini kwa mtu wa nyumbani. Akusomee taarifa, uende dirishani na kitambulisho.

Jina limekosewa herufi moja. Usingoje foleni ya langoni. Fika mapema zaidi na uwaone wahudumu wa tiketi kabla ya kuingia mstari wa mizigo, ukiwa na kitambulisho na ujumbe wa M-Pesa.

Mtoto anatapika. Kiti kinachotazama mbele, limau la kunusa, na mfuko wa karatasi tayari. Vyoo viko mwisho wa behewa. Mtoto wangu alitapika mara moja tu, kabla hatujafika hata Emali, na ilikuwa ni kwa sababu ya mandazi manne aliyopewa na bibi yake saa kumi na moja alfajiri.